Nimepata sifuri moja ya mlinganyo wa kipeo cha tatu, zilizobaki nazipataje?

Binti wa Fundi Bati (Langoni, Lamu)

Asalam aleikum jamaa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Lamu. Swali langu halikutoka kitabuni, limetoka karakanani kwa baba, na naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa.

Baba ni fundi bati hapa Langoni. Wiki mbili zilizopita alijiwa na mchuuzi wa samaki anayevusha changu na tewa hadi Mokowe kila alfajiri. Alitaka trei tatu za bati zisizo na kifuniko, za kupangia samaki na barafu, na kila moja ichukue lita 48. Barafu yeye huipima kwa ndoo ya lita 12, na anataka ndoo nne kamili, isizidi wala isipungue. Baba alikuwa na bati moja la kunyooka, lile la sentimita 244 kwa 122. Ukilikata kwa upana linatoa vipande vitatu vya 100 kwa 80, na ule ukanda wa sentimita 22 unaobakia hufanyiwa mishikio na pindo la mdomo. Kwa hivyo ukubwa wa kipande haukuwa na mjadala. Lililokuwa halijulikani ni moja tu: pembe za mraba zitakazokatwa kwenye kona nne ziwe na upande gani, ndipo kuta zikisimamishwa trei ichukue lita 48?

Siku zote baba huunda mfano kwa katoni kwanza, akaujaza mchanga, akapima, akarudia. Mara hii nikamwambia, baba, hii niachie mimi kwa kalamu. Nikaiita pembe x. Urefu unabaki 100 − 2x, upana 80 − 2x, kina ni x. Lita 48 ni sentimita za ujazo 48,000. Basi:

x(100 − 2x)(80 − 2x) = 48,000

Nikazidisha, nikagawanya kote kwa 4, nikapata:

x³ − 90x² + 2000x − 12,000 = 0

Wa kipeo cha pili ningeutatua nimefumba macho. Huu wa kipeo cha tatu sikuwa na njia, nikaanza kujaribu. Nikatia 1, nikatia 2, nikatia 3, hivyo hivyo, hadi 10 ikatoa 1000 − 9000 + 20,000 − 12,000, yaani sifuri kamili. Nilipiga ukelele mama akatoka jikoni.

Baba akakata pembe za sentimita 10. Trei zikatoka 80 kwa 60, kina 10. Tukazipima kwa ndoo ya mchuuzi mwenyewe, nne kamili, maji yakawa sawa na mdomo. Siku ya tatu akazirudisha. Hakuja kwa ubaya, alieleza tu: trei ni pana kama sinia ya harusi, mashua ikiyumba maji ya barafu yanamwagika, na kwa kuwa juu pako wazi sana barafu inakwisha kabla ya kufika Mokowe. Alitaka kitu chenye kina, kwa ndoo zile zile nne.

Usiku baada ya Isha baba akaniuliza, “Ni hiyo moya tu?” Sikuwa na jibu. Nilijaribu 11 nikapata 441. 12 ikatoa 768. 13 ikatoa 987. 14 ikatoa 1104. Nikaona namba zinazidi kukimbia mbali na sifuri, nikaacha. Lakini nakumbuka darasani tuliambiwa kwamba x³ inaweza kuwa na sifuri hadi tatu, yaani thamani tatu za x zinazotoa 0. Ziko wapi? Naomba njia, si jibu peke yake, kwa sababu trei nyingine zitakuja na vipimo vingine.

Kijana wa Malindi

Waaleikum salaam dada. Mimi nasomea uhandisi, nyumbani ni Malindi. Kama vile kipeo cha pili kina kanuni yake, kipeo cha tatu pia kinayo. Inaitwa kanuni ya Cardano, Muitaliano aliyeichapisha mwaka 1545. Unaondoa kwanza ile sehemu ya x², unabakiwa na t³ + pt + q, kisha unaingiza p na q kwenye kanuni na majibu yanatoka. Ukikwama, simu yenye programu ya kuchora grafu itakuonyesha sifuri zote kwa sekunde. Ila ya kwanza ndiyo ya uhakika, nakushauri ujifunze hiyo.

Mwalimu Mstaafu (Mkomani)

Waaleikum salaam mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, la pili kalamu ikiwa mkononi. Nilisomesha hesabu miaka 31, hapa kisiwani na barani, na ni mara chache kumpata mwanafunzi aliyeunda mlinganyo wake mwenyewe kutokana na kitu cha kushikika. Mlinganyo wako ni sahihi mwanzo hadi mwisho.

Ulipopotea ni pale kwenye 14. Uliona 441, 768, 987, 1104, ukadhani namba zimeondoka hazirudi. Grafu ya kipeo cha pili hupinda mara moja tu, nawe umeizoea hiyo. Ya kipeo cha tatu inaweza kupinda mara mbili. Hebu endelea kidogo: 15 inatoa 1125, 16 inatoa 1056. Umeona? Imepanda ikafika kileleni, sasa inashuka, na kwa kuwa kwenye 40 upana wa bati umekwisha na trei haichukui kitu, ikishuka lazima ipite tena kwenye sifuri. Wewe ulirudi nyumbani ukiwa hatua moja kabla ya kilele.

Ila sitaki uendelee kujaribu namba moja moja, maana ipo njia fupi na iko ndani ya uwezo wa kidato chako.

Kwanza achana na sentimita, zinakutwisha sifuri za bure. Pima kwa desimita, yaani sentimita 10 iwe moja. Bati lako sasa ni 10 kwa 8. Na desimita ya ujazo moja ndiyo lita moja, kwa hivyo 48,000 inakuwa 48:

x(10 − 2x)(8 − 2x) = 48

Ukizidisha na kugawanya kwa 4:

x³ − 9x² + 20x − 12 = 0

Ni mlinganyo ule ule wako, umevuliwa mizigo. Sasa ipeleke 12 ng’ambo, na upande wa kushoto utoe x nje:

x(x² − 9x + 20) = 12

Itazame hii kwa makini, usiipite haraka. Kama x ni namba nzima, basi kilicho ndani ya mabano nacho ni namba nzima. Namba nzima mbili zimezidishana zikatoa 12. Kwa hivyo x haina budi kuwa namba inayoigawanya 12 bila kubakisha: 1, 2, 3, 4, 6 au 12. Hakuna nyingine ya kujaribu. Si 5, si 7, si 11. Na hasi zake je? Tia x hasi yoyote: x³ inakuwa hasi, −9x² hasi, 20x hasi, −12 hasi. Hasi nne zikijumlishwa hazifiki sifuri kamwe. Basi hasi zote umeziondoa kwa kutazama tu, hukuzidisha hata moja.

Jaribu 1: 1 − 9 + 20 − 12 = 0. Hiyo ndiyo sentimita 10 yako.

Na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walipokuwa wakisimama, wakipiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari. Ukishapata sifuri moja, umepata kisu cha kuukatia mlinganyo. Kama 1 ni sifuri, basi (x − 1) inaigawanya polinomia yote, yaani x³ − 9x² + 20x − 12, bila kubakisha kitu, na ukiigawanya, kipeo kinashuka kutoka cha tatu hadi cha pili, ambacho umesema unakitatua umefumba macho. Kugawanya kwenyewe si lazima iwe ile ndefu. Andika namba zilizotangulia kila x, pamoja na ya mwisho, kwa mstari mmoja:

1   −9   20   −12

Teremsha ile 1 ya mwanzo chini kama ilivyo. Izidishe kwa sifuri yako, ambayo ni 1, jibu lijumlishe na −9: unapata −8. Hiyo −8 izidishe kwa 1, jumlisha na 20: unapata 12. Hiyo 12 izidishe kwa 1, jumlisha na −12: unapata 0. Ile 0 ya mwisho ndiyo baki, na ikija 0 ujue hujakosea njiani. Mstari wa chini unasoma 1, −8, 12. Maana yake:

x³ − 9x² + 20x − 12 = (x − 1)(x² − 8x + 12)

Na x² − 8x + 12 ni (x − 2)(x − 6).

Sifuri zako ni 1, 2 na 6. Kwa sentimita ni 10, 20 na 60.

Sasa zirudishe karakanani moja moja. Ya 10 unaijua. Ya 20: urefu 100 − 40 = 60, upana 80 − 40 = 40, kina 20. 60 × 40 × 20 = 48,000. Ndoo nne kamili, na mdomo wake ni nusu ya ule wa kwanza, sentimita za mraba 2400 badala ya 4800. Hiyo ndiyo trei anayoitafuta mchuuzi wenu.

Ya 60 ni ya kutazamwa kwa makini. Kwenye bati la upana wa 80 huwezi kukata pembe mbili za 60. Lakini hesabu haikusema uongo: 100 − 120 = −20, na 80 − 120 = −40. Hasi mara hasi ni chanya, 60 × 20 × 40 = 48,000. Mlinganyo haujui bati ni nini. Ulichokiuliza ni “namba gani tatu hizi zikizidishana hutoa 48,000”, nao umejibu kwa ukamilifu. Kujua kwamba x lazima iwe chini ya 40 ni kazi yako wewe mwenye bati. Kwa hivyo usiifute ile 6 ukajifanya hukuiona. Iandike, halafu uandike kando yake kwa nini haifai.

Ukitaka kuamini kwa macho, chora grafu. x ikiwa 0, y ni −12. Ikiwa 1, ni 0. Ikiwa 1.5, ni 1.125. Ikiwa 2, ni 0. Ikiwa 3, ni −6. Ikiwa 4, ni −12. Ikiwa 5, ni −12 tena. Ikiwa 6, ni 0, na 7 inatoa 30. Umeiona ile −12 inavyojirudia kwenye 0, 4 na 5? Nilipoiona nilifurahi peke yangu hapa barazani. Ukikata pembe ya 0 huna kuta. Ukikata ya 4 upana umekwisha. Kwenye 5 urefu umekwisha. Mahali pote patatu trei haichukui hata tone, kwa hivyo pungufu ni lita zote 48, na 48 uliyoigawanya kwa 4 ndiyo hiyo 12. Kati ya 0 na 4 ujazo unaanzia patupu na kuishia patupu. Basi lazima upande kisha ushuke, na ukikivuka kiwango cha 48 wakati wa kupanda utakivuka tena wakati wa kushuka. Ndiyo sababu una trei mbili na si moja.

Kijana wa Malindi, kanuni uliyoitaja ni ya kweli na ni kazi kubwa. Ilianzia kwa Scipione del Ferro, Tartaglia akaipata kwa njia yake, na Cardano ndiye aliyeichapisha. Lakini ijaribu kwenye mlinganyo huu. Weka x = t + 3, utapata t³ − 7t − 6 = 0. Ingiza kwenye kanuni, na ndani yake utakutana na kipeuo cha pili cha −100/27. Kipeuo cha pili cha namba hasi, kwa mlinganyo ambao majibu yake ni 1, 2 na 6! Si kosa lako wala la kanuni. Kila mara sifuri tatu zikiwa za kawaida na tofauti, kanuni ile hupitia kwenye vipeuo hivyo vya namba hasi kabla ya kurudi nchi kavu, na ni Bombelli, mwaka 1572, aliyeonyesha jinsi ya kupita huko salama. Mwanafunzi wa kidato cha nne asianzie hapo.

Na kabla ya Waitaliano wote hao, Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131, alikuwa ameipanga milinganyo ya kipeo cha tatu aina kwa aina na kuitatua kwa michoro, akikutanisha mikunjo kama parabola na duara na kusoma jibu pale inapokatana. Neno lenyewe aljebra ni la Kiarabu, al-jabr, na miongoni mwa maana zake ni kuunga mfupa uliovunjika. Mimi sikuwahi kulisomesha neno hilo bila kuieleza maana hiyo.

Fundi wa Matondoni

Salaam. Mimi ni seremala wa mashua, lakini bati pia napiga. Hesabu ya Mwalimu nimeifuata mpaka kwenye 60 × 40 × 20 na nimeikubali. Nina neno kwa babako.

Trei ya kina cha 20 ina kona nne za sentimita 20, jumla sentimita 80 za kulehemu. Ile ya kwanza ilikuwa 40. Kwa hivyo pa kuvuja pameongezeka mara mbili, na maji ya barafu ya samaki yana chumvi, lehemu haitadumu. Kwa trei mpya, mwambie asikate kona kabisa. Aikunje ndani kama bahasha, ailaze juu ya ukuta wa upande mfupi, aipigie ribiti karibu na mdomo ambako maji hayasimami. Ujazo haubadiliki, kwa sababu mikunjo iko pale pale kwenye x.

Na zile tatu zilizorudishwa zisitupwe. Pembe ya 10 iliyokwisha katwa bado inaweza kuongezwa ikawa ya 20. Ingekuwa alianza na 20 akataka kurudi 10, hapo pangekuwa hapana dawa. Azifungue lehemu kwa moto, azinyooshe kwa nyundo ya mbao, si ya chuma, bati lisifanye mabonde.

Binti wa Fundi Bati (Langoni, Lamu)

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Fundi. Nimewasomea baba maneno yenu yote. Pale pa kona ya bahasha alinyamaza kidogo, akachukua karatasi ya daftari langu akaikunja kwanza, kisha akasema huyo fundi wa Matondoni anajua kazi.

Zile tatu tulizifungua jana. Nimekata mwenyewe trei moja kwa mkasi wa bati, kona zote nne, na mkono umeniuma. Mchuuzi amezichukua leo alfajiri.

Kugawanya kwa mstari mmoja nimerudia mara sita hadi nikaweza bila kutazama. Nilijaribu pia kuanzia kwa 2 badala ya 1: 1, kisha −7, kisha 6, kisha 0. Inabaki x² − 7x + 6, ambayo ni (x − 1)(x − 6). Nimefika pale pale kwa mlango mwingine.

Sasa nimekwama tena. Kuna mama anayeuza juisi ya ukwaju na ya embe, ameziona trei na anataka mbili za kuwekea chupa kwenye barafu, vipande vile vile vya 100 kwa 80, lakini za lita 50. Nimeandika x³ − 9x² + 20x − 12.5 = 0. Kwa sababu ya ile nusu nikazidisha kote kwa 2, nikapata 2x³ − 18x² + 40x − 25 = 0, nikajaribu vigawo vya 25, na nusu zake pia: 0.5, 2.5, 12.5. Hakuna hata moja inayotoa sifuri. Na jirani yake naye anataka ya lita 60 kutoka kipande hicho hicho. Je, hizi hazina jibu?

Kijana wa Malindi

Mwalimu, nilirudi nikaifanya kwa kanuni, na kweli nilikutana na ile −100/27. Asante kwa kunionyesha.

Dada, ya lita 60 nakujibu mimi. Kile kilele alichokitaja Mwalimu unaweza kukipata barabara kwa kutafuta mteremko, na hilo mnalisoma kidato cha nne. Mteremko wa x³ − 9x² + 20x ni 3x² − 18x + 20. Kileleni mteremko ni 0. Ukitatua unapata x = 1.4725 hivi, na nyingine iko juu ya 4, haituhusu. Yaani pembe ya sentimita 14.7. Hapo trei inachukua lita 52.5 na nukta kidogo, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote inayoweza kutoka kwenye kipande cha 100 kwa 80. Lita 60 haiwezekani, hata fundi awe nani. Mlinganyo wake unabakiwa na sifuri moja tu ya kawaida, kule juu ya 6 kusiko na bati. Huyo jirani akatiwe kipande kikubwa zaidi.

Mwalimu Mstaafu (Mkomani)

Amesema vyema. Nami naichukua ya lita 50.

Mwanangu, kujaribu kwako vigawo vya 25 pamoja na nusu zake ndiko hasa kulikotakiwa, wala sikukufundisha, umekufikia mwenyewe. Na ulivyozikosa zote umepata habari kubwa: sifuri za mlinganyo huu si namba nzima wala sehemu. Hazina mwisho wa desimali. Lakini zipo, na fundi hahitaji desimali zisizo na mwisho, anahitaji milimita.

Rudi kwenye mlinganyo wako wenye 12.5, utafute mahali alama inapogeuka. Kwenye 1.1 unapata −0.059. Kwenye 1.2 tayari ni chanya. Basi sifuri iko katikati yao, kwa sababu grafu haina pengo la kurukia. Songea karibu: 1.11 inatoa −0.021, 1.12 inatoa 0.015. Umeibana ndani ya milimita moja. Ni karibu na 1.116, yaani sentimita 11.2 ukikadiria.

Hiyo ni trei pana tena. Ya kina iko upande wa pili wa kilele: 1.85 inatoa 0.029, 1.86 inatoa −0.0015. Chukua 1.86. Pembe ya sentimita 18.6, trei ya 62.8 kwa 42.8. Zidisha uone: lita 49.99. Upungufu ni kama kijiko kimoja cha chai.

Ya tatu huna haja ya kuitafuta. Rudi kwenye 1, 2 na 6: jumla yake ni 9, na 9 ndiyo iliyokuwa mbele ya x² kwa alama ya hasi. Ni hivyo kila mara x³ inapokuwa peke yake bila namba mbele. Basi hapa pia jumla ni 9. Toa 1.116, toa 1.86, inabaki 6.02. Tena uhakikishe: zikizidishana zote tatu ziwe karibu na 12.5. Mimi nimeshazidisha, lakini fanya na wewe.

Binti wa Fundi Bati (Langoni, Lamu)

Nimezidisha, nimepata 12.49 na desimali kidogo. Nadhani ni kwa sababu tulikadiria.

Trei mbili za lita 50 zimekwisha. Baba alitia alama ya 18.6 kwa msumari kwenye kingo zote nne, kona hakuzikata, amezikunja kama bahasha. Tulijaza kwa ndoo nne za mchuuzi na jagi la lita mbili, maji yakasimama mdomoni. Hazikuvuja. Mama wa juisi amezichukua na ameagiza ya tatu.

Mchuuzi naye alipita jana kutusalimu. Barafu inafika Mokowe. Aliuliza kwa nini trei zake zina mstari katikati ya kila ukuta, akadhani ni urembo. Baba akamwambia aniulize mimi. Ni ule mkunjo wa kwanza, wa sentimita 10, haukunyooka wote tulipozipiga nyundo.

Mwalimu, baba anakuomba siku ukishuka Langoni upite karakanani. Na mimi nina swali la trei yenye kifuniko, nimeshaanza kuliandika.